Waranti ya Maisha ya Nyasani

Simu ililia Jumatatu, saa nne asubuhi, nikiwa shambani katikati ya chai na kikapu kikiwa hakijafika nusu. Nambari sikuijua. Nilipangusa mikono kwenye suruali nikapokea.

"Nazungumza na Mokua Mogire?" Alikuwa mwanamke, na Kiswahili chake kilinyooka kama cha redio.

"Ndiye mimi."

"Napiga kutoka duka la vifaa, Kisii mjini. Plaisi yenu imerudi kutoka Nairobi, imeshatengenezwa. Imekaa hapa wiki tatu. Ile nambari mliyotuachia haipatikani, ndipo nikafungua kitabu cha zamani nikaona hii yako."

"Plaisi gani, mama? Mimi sijaleta plaisi."

"Ile ya kukunja. Yenye kisu na bisibisi ndani. Jina la mwenyewe ni Nyasani Mogire."

Niliketi chini, pale pale kwenye tope, chai ikanifunika kichwa.

Nyasani ni kaka yangu mkubwa. Siku ile alikuwa ametimiza miaka miwili na miezi miwili tangu atoke nyumbani asirudi. Na Alhamisi ya wiki hiyo hiyo tulikuwa tumepanga kumzika.

Mwili hatukuwa nao. Kwetu, mtu akipotea mpaka watu wachoke kungoja, familia hukata shina la mgomba, hulivika nguo zake, na kulizika nyumbani kama angezikwa yeye, ili nyumba itulie. Mama yangu, Drusilla, alikataa jambo hilo kwa muda mrefu. Alisema yeye ni Msabato na hatalia juu ya mgomba. Mimi pia nilikuwa nikiomba juu ya jambo hilo kila asubuhi kabla ya kukama, nikimwuliza Mungu kama kuzika mgomba ni kusema uongo, na kama ni uongo, tunamdanganya nani.

Aliyemlainisha mama ni jirani yetu Obadiah.

Obadiah ni shemasi kanisani kwetu, na shamba lake limepakana na letu upande wa kijito. Ndiye mtu wa mwisho kumwona Nyasani. Alitwambia sisi, akawaambia na polisi, kwamba asubuhi ile walitembea pamoja hadi steji ya Ekerenyo, na kwamba kwa macho yake alimwona Nyasani akipanda gari la Kericho kwenda kurekebisha mashine za kuchuma chai. Baada ya hapo alikuja kwetu kila Jumapili kumwombea mama. Ana sauti nzuri ya maombi, ya chini, isiyo na haraka. Nakiri kwamba nilijifunza kuomba kwa kumsikiliza yeye. Ndiye aliyesema, "Mama, mwache mtoto apumzike, nawe upumzike." Alijitolea kuchimba kaburi mwenyewe, kwa jembe lake.

Sasa mtu amepeleka plaisi ya Nyasani kutengenezwa, wiki chache tu zilizopita, kwa jina lake.

Sikumwambia mama. Niliogopa kumpa tumaini nisilolijua lina miguu au halina. Nilimwambia kesho yake naenda mjini kuulizia mbolea, naye akanituma sabuni.

*

Duka lile nalikumbuka tangu siku Nyasani alipoinunua ile plaisi. Tulikwenda wote wawili. Ilikuwa kitu kigeni kwetu: ukiifunga ni kama kipande cha chuma cha kutosha kiganja, ukiifungua inatoa koleo, na kwenye mikono yake mna kisu, msumeno mdogo, bisibisi mbili, tupa, na kifungua chupa ambacho Nyasani alisema atakipa likizo kwa kuwa yeye hanywi. Mwenye duka, Mzee Abdiaziz, alimwambia ina waranti ya maisha.

"Maisha ya nani?" Nyasani akamwuliza. "Yangu au yake?"

"Yako wewe uliyeinunua. Ikivunjika leo, ikivunjika uzeeni, ilete. Ukifa wewe, waranti nayo imekufa."

"Basi nitaishi sana," Nyasani akasema, "nikutese."

Wakacheka wote wawili. Jina lake likaandikwa kwenye kitabu na kwenye kadi ya waranti aliyopewa, na kwa kuwa simu yake ilikuwa ikizimika kila mara, akaandikisha nambari yangu.

Jumanne ile Mzee Abdiaziz alikuwa ameketi kwenye kiti kile kile nyuma ya meza, ila macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu mweupe. Binti yake, Ubah, ndiye aliyenipigia simu. Alinipa kiti, akaleta bahasha, akaimimina plaisi juu ya meza.

Ilikuwa yenyewe. Rangi nyeusi ilikuwa imeisha mahali pa kidole gumba, pakabaki chuma cheupe kinachong'aa. Kwenye ukingo kulikuwa na kile kijifereji alichokichonga Nyasani kwa tupa ili kimsaidie kumenya nyaya za stima. Herufi N ilikuwapo, aliyoikwaruza kwa msumari. Lakini kisu kilikuwa kipya. Kiling'aa kuliko mwili wake, kama jino la kubandika.

"Ncha ya kisu ilikuwa imekatika," Ubah alisema. "Wamebadilisha kisu chote. Springi pia. Karatasi ya fundi hii hapa."

Niliisoma polepole, kidole kikifuata maneno. Fundi wa Nairobi alikuwa ameandika kwamba kisu kimevunjika ncha, na kwamba bawaba zote zilikuwa zimeshikana kwa uchafu mkavu wa rangi ya kahawia, wa zamani. Chini yake aliandika: *Umesafishwa wote.*

Nilirudia hayo maneno mawili ya mwisho mara kadhaa.

"Aliyeileta ni nani?" niliuliza.

"Mimi sikuwapo. Baba ndiye aliyempokea."

Mzee Abdiaziz aligeuza uso wake upande wa sauti yangu. "Alisema yeye ni Nyasani. Mimi siku hizi naona mtu, uso sioni. Nikamwambia, Nyasani, umepotea siku nyingi. Akasema ni kazi. Nikamwita Janat wa duka la pili ampe fomu ajaze. Mtu wa heshima sana. Alipomaliza aliuliza macho yangu yana nini, nikamweleza, akanishika mkono akaniombea. Kila mtu na dini yake, lakini dua haikataliwi."

"Aliomba namna gani?"

"Taratibu. Kwa sauti ya chini."

Nyasani hakuwahi kumwombea mtu hadharani. Chakula chenyewe alikiombea kwa kukitazama. Lakini niliwaza, miaka miwili inaweza kumbadilisha mtu. Nilitaka sana imbadilishe. Mungu anisamehe, nilikuwa tayari kuamini lolote.

Ubah alinisogezea fomu. Jina: *Nyasani Mogire*. Nyumbani: *Ekelenyo*. Tatizo: *Kisu kimevunjika. Naomba kitengenezwe halaka.*

Mwandiko ulikuwa wa herufi kubwa kubwa, zilizosimama mbalimbali kama watu waliogombana. Nyasani aliandika vibaya vilevile. Moyo ulianza kunidunda kwa furaha. Kisha Ubah akaweka ukucha wake juu ya neno la kwanza.

"Mzee, usikasirike nikikuuliza. Nimezaliwa Kisii, nimesoma na watu wenu. Nyinyi *l* inawashinda, sivyo? Mnasema *r* kila mahali."

"Ni kweli. Midomo yetu haina hiyo herufi."

"Mkiandika pia, mtu ataandika *koreo*, ataandika *kufuri*. Huyu amefanya kinyume. Ameandika Ekelenyo. Ameandika halaka. Ameweka *l* mahali penye *r*." Alinitazama kwa huruma. "Mimi naona huyu si mtu wa kwenu. Mgusii hawezi kukosea jina la kwao."

Furaha iliniisha, na kitu kingine kikaingia, ambacho kwa saa chache nilikiita afueni. Basi ni mgeni. Mwizi wa huko mbali alimwibia kaka yangu plaisi, akapata na kadi yake, akaja kutafuta matengenezo ya bure. Anayeibiwa si lazima awe amekufa.

Ubah alinipa kopi ya fomu, akafungua kitabu nitie sahihi. Kisha kalamu yake ikasita.

"Waranti ni yake, si ya familia. Lazima nijaze hapa kama mwenyewe bado yuko. Niandike nini?"

"Usiandike kitu kwanza," nilimwambia.

"Na huyo mtu akija kuichukua?"

"Mwambie iko na mdogo wake Nyasani."

Maneno hayo yalitoka kabla sijayafikiria. Nilipofika nje nilitamani kurudi kuyafuta.

*

Kutoka barabarani hadi kwetu zamani kulikuwa na njia ya mkato, inapita juu ya kijito, ukingoni mwa shamba la Obadiah. Watu waliipita tangu enzi ya babu. Mwaka ule Nyasani alipoondoka, Obadiah alikuwa ameifunga kwa seng'enge, akisema ng'ombe wa watu wanamharibia. Nyasani hakukubali. Kila asubuhi akienda kazini alikata waya kwa ile plaisi, akapita, akiimba. Kila jioni Obadiah aliufunga tena. Ilikuwa kama mchezo. Sisi wengine tulicheka. Nyasani alisema, "Yeye anaomba, mimi nakata, tuone Mungu atachoka na nani."

Tangu alipoondoka hakuna aliyeukata tena. Obadiah alipanda miti ya blugamu pale ilipopita njia, na sisi tulizoea kuzunguka kwa juu. Jumanne ile nilizunguka kama kawaida, sabuni ya mama mkononi, plaisi mfukoni. Nilisimama kidogo nikaitazama ile miti. Ilikuwa imeota vizuri. Katikati mitatu au minne ilikuwa imeipita mingine kwa kimo cha mtu. Upepo ulikuwa hauvumi, lakini majani ya juu yalikuwa yakitikisika.

Nilipofika, mama alikuwa amezitoa nguo za Nyasani sandukuni, anazianika.

"Shati hili au lile?" aliniuliza. "Mong'ina anasema lile la bluu." Mong'ina ni mke wa Nyasani.

"La bluu alilipenda," nilisema.

"Basi alivae." Alilikung'uta. Kisha akasema bila kunitazama, "Mokua, una uhakika tunafanya vizuri? Mtu akizikwa naye yuko hai mahali, huko aliko hawezi kupata usingizi."

Nilikwenda zizini, nikapiga magoti kwenye majani ya ng'ombe, nikamwambia Mungu: sitaki ishara kubwa, nipe kitu ninachoweza kukisoma, nami nitakisoma.

*

Darasa letu la ngumbaru hukutana Jumatano, saa kumi na moja, katika shule ya msingi iliyo karibu na soko. Sisi ni watu kumi na mmoja, wengi wetu tuna mvi, na madawati ni ya watoto, kwa hiyo magoti yetu hufika kifuani. Mwalimu wetu, Gladys, ni msichana niliyemjua akibebwa mgongoni. Leo ananifokea juu ya herufi, nami namwita mwalimu, na namshukuru Mungu kwa ajili yake.

Mimi na Obadiah tumekaa dawati moja tangu Januari. Yeye ndiye hufungua kwa maombi. Jumatano hiyo alituombea sisi sote, kisha akaongeza sala kwa ajili ya "familia ya ndugu Mokua inayokwenda kumpumzisha mtoto wao kesho." Wote wakasema amina. Nami nilisema amina.

Mwalimu Gladys alitwambia tuandike barua kwa ndugu aliye mbali. "Anza na anwani yako, upande wa kulia. Na jamani, *l* na *r*. Mkono usisikilize mdomo. Mdomo wenu ni mwongo."

Watu walicheka. "Mwalimu, hata wako," mama mmoja wa nyuma akasema.

"Hata wangu. Ndiyo maana nasikiliza macho."

Obadiah aliniinamia akanong'ona, "Mimi nina dawa. Nikiwa na shaka, naweka *l*. Mwalimu anaona nimejitahidi." Akatabasamu, na mimi nikatabasamu, kwa kuwa nilikuwa nimeshamsikia akisema hivyo mara nyingi. Maneno hayo yalipita masikioni mwangu kama yalivyopita siku zote. Yalichelewa kidogo tu kufika.

Hadi wiki hiyo mwalimu alikuwa akisahihisha madaftari mwenyewe nyumbani. Siku hiyo alisema tubadilishane, kila mtu asahihishe la jirani yake. Obadiah alilichukua langu. Mimi nikalifungua lake.

Upande wa kulia, juu, kwa herufi kubwa kubwa zilizosimama mbalimbali, alikuwa ameandika: *Ekelenyo*.

Nilishuka mstari kwa mstari, kalamu nyekundu mkononi. *Ndugu yangu, mama ni mgonjwa. Tafadhali njoo nyumbani halaka.*

Sikusikia tena kelele za darasa. Nilisikia tu kalamu ya Obadiah ikikwaruza kwenye daftari langu, tiki, tiki, tiki. Ubah alikuwa amesema Mgusii hawezi kukosea jina la kwao. Alisema vizuri, lakini Ubah hajawahi kuketi ngumbaru. Hajui mtu anayeogopa *r* kwa sababu ya kufokewa na mwalimu, mpaka anaiondoa hata kwenye jina la nyumbani kwake. Kosa lile si la mgeni. Mgeni angeliandika sawa. Kosa lile ni la mtu wa kwetu aliyeanza shule na mvi kichwani.

"Umeona makosa?" Obadiah aliuliza.

"Mawili."

"Ni mazuri hayo. Wewe una matano." Akachungulia. "Weka alama basi, omogaka, mzee wangu. Mbona kalamu imesimama?"

Niliweka alama. Mstari mwekundu ulitoka umepinda, ukaivuka ile *l* ukafika ukingoni mwa karatasi. Aliutazama ule mstari, kisha akanitazama mimi usoni kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida.

"Umechoka," alisema. "Ni msiba. Twende nikusindikize nyumbani."

"Napitia kwa mwalimu kwanza."

"Nitakungoja."

"Usinisubiri, Obadiah."

Nilibaki mle darasani mpaka Gladys alipofunga madirisha yote, kisha nikamwomba nitembee naye hadi kwao, mimi mtu mzima wa miaka hamsini na mmoja. Hakuniuliza kwa nini.

*

Alhamisi kulipopambazuka nilikwenda kwa naibu wa chifu. Nilimwekea mezani kopi ya fomu, karatasi ya fundi wa Nairobi, na maneno yote niliyokuwa nayo. Alisikiliza akinywa chai.

"Herufi moja?" alisema mwishowe. "Mokua, nimkamate shemasi kwa herufi moja?"

"Mbili. Zipo kwenye maneno mawili."

"Mtu yeyote wa darasa lenu anaweza kukosea hivyo."

"Wengine hawakuwa na Nyasani steji."

Aliikunja fomu akaitia mfukoni. Hakuahidi kitu. Alisema tu atakuja mazishini, na kwamba nisimwambie mama yangu neno lolote.

Watu walianza kufika saa nne. Obadiah alikuwa amefika kabla ya wote, na kaburi lilikuwa limefika kiunoni. Alikuwa amevua koti, anachimba kwa mpangilio, udongo anauweka upande mmoja, kama mtu aliyewahi kuifanya kazi hiyo. Baba mdogo, Ondieki, ndiye aliyesimamia mambo ya familia. Alikuwa amekata shina la mgomba nyuma ya nyumba, na wanawake walilivika shati la bluu na suruali, wakalifunga kwa kamba ya mkonge ili nguo zisitoke. Mong'ina alikaa kando yake ameushika mkono wa shati. Naibu wa chifu alikuja na wanaume wawili nisiowajua, wakasimama nyuma, karibu na zizi.

Nilichukua kibao tulichokiandaa na kopo la rangi, nikaenda ukingoni mwa kaburi.

"Obadiah, nisaidie. Mkono wangu leo haushiki. Andika jina na nyumbani."

Alipanda juu, akajipangusa jasho. "Wewe ndiye mdogo wake. Ni haki yako."

"Wewe una mwandiko unaoonekana."

Alipiga magoti mbele ya kibao. Aliandika polepole, akiutoa ulimi kidogo pembeni mwa mdomo, kama anavyofanya darasani. NYASANI MOGIRE. Kisha akateremka mstari wa pili, akasita kidogo, na mimi nikaona akiwa na shaka. Niliona kabisa ile shaka ikija na dawa yake ikija nyuma yake.

EKELENYO.

Naibu wa chifu alikuwa ameshasogea. Aliitoa ile karatasi mfukoni, akaikunjua, akaiinamisha karibu na kibao. Obadiah aliitazama karatasi, akarudisha macho kwenye kibao, na brashi ikadondosha tone jeusi juu ya kiatu chake.

"Ondieki anasema kamba ya mkonge ikatwe kabla ya kushusha," nilisema. Niliingiza mkono mfukoni nikaitoa ile plaisi, nikafungua kisu. Kilishika jua.

Watu hawakuelewa kitu. Waliona tu ndugu wa marehemu ana kisu cha kukatia kamba. Lakini Obadiah alikuwa akikitazama kile kisu, na alisema kwa sauti ile ile ya chini, isiyo na haraka, kana kwamba tuko dawatini:

"Kumbe waliibadilisha ncha."

"Ncha gani, Obadiah?"

Mong'ina aliinua kichwa. Mama pia.

Obadiah aliweka brashi chini vizuri, juu ya kopo, isichafue nyasi. Akakunja mikono yake kifuani, akainamisha kichwa. Nilimjua. Nilijua kinachofuata.

"Tuombe," alisema.

"Leo usiombe," nilimwambia.

Nilisema hivyo mimi, ambaye sijawahi kumkataza mtu kuomba. Alibaki ameinamisha kichwa, lakini midomo haikusonga. Wale wanaume wawili walikuwa wamefika, mmoja kila upande. Hawakumgusa.

"Msizike hapa," Obadiah alisema hatimaye. Hakuwa akizungumza nami, wala na naibu wa chifu. Alizungumza na lile shimo. "Ondoeni huo mgomba. Hapa si mahali pake."

Alilichukua jembe lake mwenyewe. Akashuka mteremko kuelekea kijito, mmoja wa wale wanaume mbele yake na mwingine nyuma. Alipofika kwenye seng'enge alisimama, akaigusa, akageuka kunitazama, akingoja.

Niliteremka nikaukata waya. Plaisi ilikata vizuri. Walikuwa wameitengeneza kweli. Wanaume wa kijiji walitufuata mmoja mmoja, kila mtu na jembe au koleo lake, bila kuambiwa. Obadiah alipita kati ya miti ya blugamu mpaka kwenye ile mirefu ya katikati, akasimama.

Nyuma yangu nilisikia sauti ya mama kutoka juu, ikiita kwa Ekegusii, akiuliza wanaume wanakwenda wapi na majembe ilhali kaburi liko hapa. Aliniita kwa jina. Aliniita tena.

Nilikuwa na plaisi mkononi, imefunguka, na sikupata neno lolote, la nyumbani wala la darasani.

Mama hakuita mara ya tatu. Nilipogeuka alikuwa ameshalivua lile shati la bluu kwenye mgomba, amelikunja vizuri kifuani, anateremka.